Manowari za Mzee Norman

Ujumbe wa Sharon ulinifikia mwezi wa tatu mwaka huu, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya muuza nyama wa Granville, na nilipoliona jina lake nilisogea pembeni nikampisha mama aliyekuwa nyuma yangu. Aliandika kwa ufupi kwamba yuko Sydney kwa siku nne, kwamba mumewe alifariki mwaka jana na sasa anaweza kusafiri, na kwamba angependa tuonane ana kwa ana ili anishukuru kwa yote niliyomfanyia baba yake. Neno hilo la kushukuru ndilo lililonitoa jasho. Angekuja kunitukana ningejua la kufanya, maana matusi nimeyazoea. Nilifundisha historia kidato cha pili kwa miaka kumi na tisa, na ambaye hajatukanwa na kidato cha pili hajafundisha. Lakini shukrani usiyostahili huna pa kuiweka. Nilimjibu kwamba nitafurahi sana, nikampa jina la mtaa wenye duka la kuku wa mkaa, kisha nikarudi nyumbani bila nyama.

Wanaoandika kumbukumbu zao hupenda kusema kwamba ujana ndio uliowafinyanga. Ujana wangu mimi ulipita salama salimini bila kunifunza jambo la maana. Nilifinyangwa nikiwa na miaka arobaini na saba, nimevaa aproni ya plastiki, kwenye nyumba ya kutunzia wazee magharibi mwa Sydney, mwaka 2021. Habari ya jinsi nilivyofika nchi hii, na ya cheti cha ualimu kilichogeuka karatasi ya kawaida nilipovuka forodha, naiacha. Kila Mwafrika wa hapa anayo ya kwake na zote zinafanana. Inatosha kujua kwamba nilikuwa naogesha wazee, nalisha wazee, nabadilisha mashuka ya wazee, na kwamba moyoni nilijiona bado mwalimu. Wenzangu walilijua hilo wakaniita Mwalimu, nusu kwa heshima na nusu kwa kunitania, na mimi nililipokea jina zima.

Chumba namba kumi na nne kilikuwa mwisho wa korido, dirisha lake likitazama maegesho ya magari. Kilinukia gundi ya mbao na dawa ya kuchua viungo. Ukutani palikuwa na picha moja tu, ya lori jekundu lenye kontena mgongoni, na kando ya kitanda palikuwa na meza mbili za kukunja zilizounganishwa, zimetandikwa shuka la buluu. Juu ya shuka hilo kulikuwa na manowari ishirini na tano. Mzee Norman alizitengeneza mwenyewe kwa vijiti vya aiskrimu, milingoti akachonga kwa vijiti vya mishikaki, matanga akakata kwenye leso zake mwenyewe. Kumi na tatu zilikuwa za Waingereza. Kumi na mbili zilikuwa za Wafaransa, na ili azitofautishe matanga yake aliyachovya kwenye chai. Alikuwa na miaka themanini na minne, na kwa miaka thelathini aliendesha lori la makontena kutoka bandari ya Port Botany. Saa zote zile za kungoja kupakiwa alizimaliza kwa kusoma vitabu vya vita vya baharini. Mwenyewe hakuwahi kusafiri kwa bahari. Alitapika hata kwenye feri ya Manly, na alilisema hilo bila haya.

Wafanyakazi wengine walimwita Norm. Mimi ulimi ulikataa kumwita hivyo mtu mwenye umri wa baba yangu, nikawa namwita Mzee Norman. Aliponiuliza maana nikamweleza, akacheka akasema ameshaitwa mabaya zaidi. Naye akajifunza kuniita Mwalimu, jina alilolidaka kwa Mama Kevin. Huyu Mama Kevin alikuwa Mrundi aliyekulia kwenye kambi za Kigoma, mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu, ambaye aliweza kumgeuza mgonjwa wa kilo tisini huku akiimba pambio. Mimi na yeye tuligawana korido hiyo kwa miaka minne. Kiswahili chetu kilikuwa cha namna mbili tofauti, nami, kwa ujinga wangu wa darasani, miezi ya kwanza nilikuwa nikimsahihisha. Siku moja akaniambia, “Mwalimu, unanisahihisha mimi lakini pampers ya room nine bado unavalisha nyuma mbele,” na tangu siku hiyo sikumsahihisha tena.

Kila asubuhi, nikimlisha Mzee Norman uji wa shayiri kwa sababu mikono yake ilishaanza kutetemeka, alinihadithia vita vile vile. Tulizungumza Kiingereza, bila shaka. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo yanavyonirudia. Ilikuwa mwezi Mei mwaka 1756, karibu na kisiwa cha Minorca. Wafaransa walikuwa wameizingira ngome ya Waingereza kisiwani, na London ikatuma manowari kwenda kuiokoa chini ya admeri mmoja ambaye Mzee Norman hakulitaja jina lake hata siku moja. Alimwita “yule bwana” tu, kana kwamba waligombana. Siku hizo manowari zilipigana kwa mstari, moja nyuma ya nyingine, na kuvunja mstari lilikuwa kosa kubwa. Yule bwana alilijua hilo kuliko wengi, kwani miaka kumi nyuma alikaa kwenye baraza lililomfukuza kazi admeri mwenzake kwa kwenda vitani bila kutengeneza mstari. Basi Waingereza wakamwendea adui kimshazari, wa mbele wakafika kwanza, wakapokea mizinga peke yao. Manowari moja ikakatwa mlingoti ikakosa mwelekeo, zilizoifuata zikazubaa zisije zikagongana. Nahodha wake akamwambia yule bwana, tutoke mstarini twende tukawasaidie wenzetu. Akakataa. Alitaka kwanza mstari unyooke.

“Hawa hapa wanakufa,” Mzee Norman alisema, akizisukuma zile za mbele kwa kisu cha siagi, “na walio nyuma wananyoosha mstari.”

Ngome haikuokolewa. Yule bwana aliita maofisa wake baraza, wakakubaliana warudi Gibraltar, na mwezi uliofuata kisiwa kikachukuliwa. Alirudishwa kwao akashitakiwa. Mahakama ikasema hakuwa mwoga, wala hakuwa msaliti, ila hakufanya yote aliyoweza kuyafanya. Na sheria ya wakati huo kwa kosa hilo ilikuwa moja tu. Walimpiga risasi juu ya sitaha ya manowari, amepiga magoti juu ya mto wa kulalia, na ishara ya kufyatua aliitoa mwenyewe kwa kudondosha leso. Nilikuwa nimefundisha ukoloni miaka yote ile bila kujua kwamba wakubwa wao nao walikuwa wakiuana kwa mambo ya namna hii, na nakiri nilifurahi kidogo.

“Ungekuwa hakimu ungesemaje, Mwalimu?” aliniuliza.

“Alifuata amri,” nikamjibu. “Mtu hapigwi risasi kwa kufuata amri.”

“Umesimama kwenye manowari ipi ukisema hivyo?”

Nikamwonyesha ile kubwa ya katikati, ya admeri.

“Ndiyo maana,” akasema. “Njoo usimame hapa mbele, kisha uniambie tena.”

Mabishano hayo tuliyarudia labda mara arobaini, na hata mara moja sikubadili hukumu yangu.

Mwezi wa sita mji ukafungwa kwa sababu ya ule ugonjwa wa dunia nzima. Ulifungwa kote, lakini kwetu magharibi ulifungwa kwa kufuli la pili. Watu wa ufukweni tuliwaona kwenye televisheni wakitembeza mbwa wao kwenye jua, na sisi wa Granville na Cabramatta tulikuwa na helikopta juu ya paa, askari jeshi wakigonga milango kuhakikisha aliyeambiwa akae ndani yuko ndani, na barua ya mwajiri tuliyoiweka kwenye dashibodi ili polisi wakitusimamisha tusianze kujieleza. Kazini tulipimwa puani mpaka tukazoea machozi. Chumba cha kulia wafanyakazi kilifungwa, ikabidi kila mtu ale ndani ya gari lake. Mimi na Mama Kevin tuliegesha magari yetu ubavu kwa ubavu, vioo vimeshushwa, tukawa tunazungumza kwa sauti kama majirani wa uani. Alipika sombe, yale majani ya muhogo ya kugandishwa aliyoyanunua Cabramatta, na kwa kuwa kupeana mkono kwa mkono kulikatazwa, alishuka akaweka bakuli juu ya boneti ya gari langu, akarudi kwake akafunga mlango, ndipo nami nikashuka kuchukua. Nimekula karamu nyingi maishani lakini sombe ile ya kwenye boneti naikumbuka kuliko zote.

“Mwalimu,” alisema siku moja kupitia dirishani, “ile manager mpya amesema rooms zote ziwe clear. Clutter yote kwenye bag. Ni infection control.”

“Na manowari?”

“Manowari ni clutter. Mi sijasema, ni yeye.”

Nikaona afadhali nizitoe mwenyewe kuliko aje mtu mwingine akazikusanya kwa mkono mmoja. Nilimweka Mzee Norman kwenye kiti chake karibu na dirisha, nikaanza kuzifuta moja moja kwa vitambaa vya dawa kama tulivyoagizwa, na dawa ile ikawa inaondoka na rangi. Ile kubwa ya admeri ilibaki ubavu mmoja mweupe kabisa. Nilizitia kwenye mfuko mweusi, nikafunga fundo, nikaandika namba ya chumba. Yeye alikuwa ananitazama muda wote. Kwa kuwa macho yake yalinishinda, nikamwambia, “Zinakwenda kupumzika bandarini kidogo, Mzee.”

“Usinipambie maneno,” akanijibu. “Zipo kwenye mfuko wa taka. Sema hivyo.”

Sikusema. Nilicheka ndani ya barakoa nikajitia hamnazo, nikaubeba mfuko hadi stoo. Sasa nikikumbuka naona kwamba mzee yule alinipa onyo mapema, na kwa upole, nami nikalipuuza.

Ugonjwa uliingia ndani mwezi wa nane. Wazee walifungiwa kila mmoja chumbani kwake, chakula kikawa kinaachwa mlangoni kwenye sahani za karatasi, na kabla ya kuingia kila chumba ilibidi uvae gauni, glavu, barakoa na kioo cha uso, kisha ukitoka uvue vyote utupe, uende kwenye mlango wa pili uanze upya. Mzee aliyepiga kengele akitaka maji alingoja mpaka umalize kufunga kamba. Korido iliyokuwa na redio na ugomvi wa rimoti ikabaki na sauti za kukohoa nyuma ya milango. Bibi wa chumba namba tisa akatangulia, kisha babu wa namba kumi na moja. Vitanda vikapigwa dawa, majina yakaondolewa milangoni, na wafanyakazi tuliobaki wazima tukagawiwa kazi za wenzetu walioumwa. Wiki ya pili kipimo cha Mzee Norman kikarudi kibaya.

Binti yake alikuwa Perth, upande wa pili kabisa wa nchi. Sharon nilimfahamu kwenye kioo cha tableti tu, ile tableti ya nyumba tuliyoitia kwenye mfuko wa plastiki tukawa tunamshikia kila mzee azungumze na watu wake. Nyuma yake kulikuwa na jiko lenye jua, na mara nyingi nilimsikia mumewe, Gary, akikohoa mahali nisipopaona. Gary alikuwa akisafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, na Sharon ndiye aliyekuwa akimpeleka. Jimbo lao lilikuwa limefunga mpaka. Kutoka aliweza, kurudi ilikuwa mpaka apate kibali, na watu wa kutoka Sydney walikuwa wakinyimwa vibali hivyo kila siku. Hayo yote nilikuwa nayajua, na nayasema hapa ili mtu asije akanitafutia udhuru wa kutojua.

Siku ya Jumatano, baada ya chakula cha mchana, alipiga. Mzee Norman alikuwa amelala mdomo wazi. Sharon akamtazama, kisha akaniomba nisogee naye mlangoni.

“Mwalimu,” alisema, maana naye aliniita hivyo hivyo, “manesi wananiambia hali haijabadilika. Kila siku haijabadilika. Wewe ndiye unayemwogesha. Nikitoka hapa huenda nisiruhusiwe kurudi kwa wiki nyingi, na Gary hana mtu mwingine mpaka dada yake aje wiki ijayo. Nina safari moja tu. Niambie ukweli. Nije sasa, au ningoje?”

Sijapata kuulizwa swali lililo wazi kuliko hilo. Na jibu nilikuwa nalo mikononi, kwa sababu asubuhi ile nilimwogesha: magoti yake yalikuwa yameanza mabaka ya zambarau, miguu ya baridi mpaka kwenye vifundo, na tangu Jumatatu hakuwa amemeza hata kijiko. Nilishaogesha wengi. Nilijua ni siku mbili, au tatu Mungu akipenda.

“Leo hajambo kidogo,” nikamwambia, kwa Kiingereza changu safi cha darasani. “Ana nafuu kidogo. Usiwe na wasiwasi. Lakini ukipata nafasi, njoo umwone.”

Sharon akafumba macho akashusha pumzi. “Afadhali,” akasema. “Afadhali. Basi nitangoja dada yake Gary afike.” Akanitabasamia. Nilikuwa na nafasi ya kumrudisha, hata kwa neno moja, na mdomo ulifunguka ndani ya barakoa. Lakini alikuwa ametabasamu, nikaona ni ukatili kumnyang'anya. Nikampungia mkono, nikazima.

Msomaji wa kwetu ameshanielewa. Kwetu habari ya mauti haitupwi kwenye simu kumwangukia mtu aliye peke yake jikoni. Inapelekwa kidogo kidogo, kwa kuzungukwa, na ikiwezekana na watu wawili. Mama yangu alipofariki, mjomba alinipigia shuleni akaniambia, “Mama anaumwa kidogo, ila ana nafuu. Ukipata nafasi, njoo.” Nilikuwa nimeshika chaki. Kabla hajakata simu nilishajua, nikamkabidhi daftari la mahudhurio mwenzangu, na jioni ile nilikuwa ndani ya basi na kanzu ya msibani kwenye mkoba. Hakuna aliyenidanganya, kila mmoja alisema sehemu yake na mwenzake akaelewa. Adabu ile ni nzuri na bado naipenda. Ila inahitaji watu wawili wanaoijua, na Sharon hakuijua, na mimi nilikuwa najua kwamba haijui. Hapo ndipo kosa langu lilipo. Na kulikuwa na amri vile vile, kwamba habari za hali ya mgonjwa hutolewa na nesi peke yake, si mwogeshaji. Nilijificha nyuma ya vyote viwili, amri na adabu, nikajiona nimefanya la heshima.

Mama Kevin alikuwa mlango wa pili anavua gauni, akasikia. Tulipokaa kwenye magari yetu hakunipa chakula kwanza.

“Mwalimu, ile binti amekuuliza aje ama asije. Wewe umemwambia vizuri kidogo?”

“Nimemwambia akipata nafasi aje.”

“Mon Dieu! Mzungu hasikii maneno ile. Mzungu akisikia better, ni better, anaenda shopping. Donc umpigie sasa hivi. Number si unayo?”

“Hiyo ni kazi ya nesi.”

“Nurse wako wawili kwa watu forty. Mpigie, Mwalimu. Mimi English yangu ni ya kuvunjika, kama si hivyo ningempigia mwenyewe.”

Nilimwambia nitapiga kesho. Mficha maradhi, wanasema wahenga, kifo humuumbua. Na ni wahenga hao hao waliosema mjumbe hauawi, nami nikafanya kana kwamba sijawahi kuwasikia. Alhamisi nilikaa ndani ya gari na simu mkononi kwa dakika zote thelathini za mapumziko. Nilitafuta jina lake, nikaliona, nikapanga sentensi ya kwanza kwa Kiingereza, nikaona haina adabu, nikapanga nyingine. Mapumziko yakaisha. Nilimwomba Mungu nesi ampigie, nikarudi ndani kuvaa gauni.

Mchana huo Mzee Norman alizinduka. Nilikuwa namlainisha midomo kwa sponji. Macho yake yaliitafuta meza ya kukunja, na pale mezani hapakuwa na kitu ila boksi la glavu.

“Walio nyuma,” akasema, kwa taabu. “Wanakuja?”

Sijui alikuwa Minorca au alikuwa chumbani. Nikamshika mkono kwa glavu, nikamwambia, “Wanakuja, Mzee.” Aliridhika, au alichoka. Zamu yangu ilikwisha saa tisa na amri ilikuwa kila mtu atoke eneo la wagonjwa zamu yake inapokwisha. Nilitoka.

Alikufa Ijumaa asubuhi, saa nne, wakati wa chai. Mimi nilikuwa chumba kingine. Mama Kevin alisikia pumzi zake zimebadilika akakimbilia mlangoni, na kwa kuwa amri ni amri akaanza kuvaa: gauni, kamba za nyuma, barakoa, kioo, glavu. Aliniambia alikuwa anaimba kwa sauti kubwa huku anavaa ili mzee asikie kwamba kuna mtu. Alipoingia alikuwa ameshaondoka. Nesi alikuwa amempigia Sharon saa moja kabla, na Sharon alikuwa kwenye kompyuta akitafuta ndege. Mazishi aliyatazama kwa simu, watu kumi kwenye viti vilivyoachana. Jioni ya mazishi akaniandikia: asante kwa kunipa tumaini. Sikumjibu. Sikumjibu siku ile, wala Krismasi aliponitakia heri, wala mwaka uliofuata, mpaka mwezi huu wa tatu.

Duka la kuku wa mkaa lilikuwa limejaa moshi na watoto wa shule. Sharon alikuwa mnene kidogo kuliko kwenye kioo cha tableti, nywele zimekuwa nyeupe, na aliponiona alisimama akanikumbatia, kitu ambacho tulizuiwa kukifanya wakati kilipohitajika. Tuliagiza kuku mzima na mchuzi wa vitunguu saumu. Kabla chakula hakijaja alifungua mkoba wake akatoa kitu kilichofungwa kwenye taulo, akakiweka mezani katikati yetu. Ilikuwa ile manowari kubwa ya admeri, ubavu mmoja mweupe.

“Walinipa mfuko mzima,” alisema. “Baba aliniambia wewe ndiye uliyekuwa ukimtetea huyu admeri. Nikasema hii ni yako. Wewe peke yako ndiye uliyenipa moyo wiki ile, Mwalimu.”

Nilikuwa nimejiandalia njia ya kutoka. Ningeipokea kwa mikono miwili, ningesema asante, tungekula, angerudi Perth, na kila mmoja angekufa na lake. Niliigusa manowari ile pale nilipoifuta rangi. Nikaona nimechoka kusimama juu yake.

“Siwezi kuichukua kabla sijakwambia,” nikasema. “Siku ile uliyoniuliza, nilijua.”

“Ulijua nini?”

“Kwamba anakufa. Niliyaona magoti yake asubuhi.”

“Ulijua ni siku ngapi?”

“Mbili. Tatu.”

“Ningefika.”

“Ungefika.”

Nilimweleza juu ya mjomba na chaki na ukipata nafasi njoo, nikimweleza vibaya, kwa haraka, Kiingereza changu safi kimenitupa mkono. Alisikiliza huku amekunja taulo mara nne, mara nane, mpaka likawa halikunjiki.

“Kwa hiyo binti wa kwenu angesikia nini?”

“Angekuwa njiani kabla simu haijakatwa.”

“Mimi si binti wa kwenu.”

“Najua. Na siku ile nilijua.”

Namba yetu iliitwa kaunta, ikaitwa tena, hakuna aliyeinuka. Uso wake ulikuwa mwekundu mpaka shingoni na nilidhani atanitupia manowari ile, na ningeona sawa. Alinyoosha mkono akaishika, akaitazama pande zote mbili, akairudisha.

“Miaka yote hii,” alisema, “nilidhani ni mimi niliyeamua vibaya.” Kisha akasema, “Liseme sasa. Lile ulilotakiwa kulisema. Nataka kulisikia.”

“Sharon—”

“Liseme.”

Nikavua kofia. Sijui kwa nini. Nadhani ni mazoea ya msibani.

“Sharon,” nikasema, “baba yako anakufa. Jumamosi haitamkuta. Usingoje mtu. Njoo leo.”

Akasimama. Watoto wa meza ya jirani wakageuka kutazama. Alitia mkoba begani, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja mpaka cha juu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

“Nakuja,” akasema.

Akabaki amesimama hivyo, mkoba begani, hana pa kwenda.